Ombi la Kuzuia Muhula Usiishe

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kabla sijalalamika, niungame nililolificha. Nyumbani, mke wangu na watoto wanajua nimelazwa hospitali huku ugenini, natibiwa moyo. Hapa chuoni ninyi mnajua mimi ni mstaafu mwenye afya njema, niliyevuka mpaka kuja kusoma elimu ya miamba kwa muhula mmoja. Nimewadanganya wote. Moyo wangu ni mbovu kweli, na hautibiki. Daktari wa nyumbani, akijua nilikuwa mkaguzi wa shule, alinieleza kwa lugha yangu: “Mzee, una muhula mmoja, labda na likizo yake.” Nikajiambia, kama ni muhula, basi niusome.

Umri wako ni sawa na wa mwanangu wa tatu, na kwa haki shikamoo ningeipokea mimi. Lakini mwanafunzi ni mwanafunzi. Shikamoo. Sasa malalamiko yangu.

1. Muhula unaisha. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa maktaba, kwa gundi, bila sisi wenyewe kuulizwa. Zimebaki wiki tatu, na kati ya hizo moja ni ya mtihani, ambayo mwenye akili haihesabu kuwa ni maisha. Ningekuwa bado kazini ningeandika katika ripoti yangu: ratiba imepangwa na watu wasiozeeka.

2. Mhadhiri wetu wa miamba. Ni binti mahiri, sina ugomvi naye isipokuwa mmoja. Jumanne aliinua jiwe akasema hili bado kichanga, ni la juzijuzi tu, miaka milioni mbili. Nikanyoosha mkono kutoka nyuma ya darasa, ninakokaa kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani, nikamuuliza kama katika ukarimu huo hapawezi kupatikana miezi mitatu kwa ajili ya mzee mmoja. Darasa zima likacheka. Naye akasema, “Babu, mimi nagawa mawe tu. Siku anagawa Mkuu wa Chuo.” Ndiyo maana niko mlangoni kwako.

3. Wanafunzi wa bweni letu. Wameniita Kisukuku tangu somo la mabaki ya viumbe vya kale, na jina limeganda. Asubuhi wananigongea: “Kisukuku, umeamka au tukuchimbue?” Nikipumzika katikati ya ngazi wananipita wakisema, “Usife, Kisukuku, hujanirudishia daftari!” Huu ndio utovu wa nidhamu ninaoulalamikia, kwa sababu wameuacha. Tangu tangazo lile libandikwe wamekuwa wapole. Wanapiga picha na mimi, wananiachia kiti, mmoja juzi alinibebea ndoo bila hata kunitania. Mheshimiwa, upole nimeukimbia nyumbani. Tangu moyo uanze kunisumbua, nyumba yangu yote inaongea kwa kunong’ona, kana kwamba maturubai ya msiba yameshafungwa uani. Mjukuu akicheka anafinywa. Sikusafiri kote huku nije kunong’onewa na watu wenye miaka ishirini. Naomba amri itolewe nitukanwe kama kawaida.

4. Mke wangu. Hupiga simu kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza aliniuliza natumia dawa gani. Mezani kwangu palikuwa na mawe matupu. Nikamwambia basalti, kidonge kimoja asubuhi, na graniti usiku baada ya chakula. Akasema, “Haya, umeze, usiteme kama mtoto.” Jumamosi iliyofuata nikasikia mwanetu mwenye duka la dawa amezunguka mji mzima akiitafuta hiyo basalti, asiipate. Hapa kosa ni la chuo moja kwa moja. Muhula usingekuwa na mwisho, nisingelazimika kurudi kueleza nimetibiwa nini.

5. Sasa unganisha. Daktari alinipa muhula mmoja. Muhula usipoisha, nami sitakwisha. Kwa hiyo atakayeufunga muhula huu atakuwa amefanya jambo ambalo sitalitaja jina, ila wewe umesoma, utalipata mwenyewe. Naomba yafuatayo: tangazo libanduliwe. Ikishindikana, mtihani uahirishwe mpaka jiwe lile kichanga likue. Ikishindikana hilo nalo, nifelishwe nirudie. Niko tayari kuandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mchanga huota kama nyasi na milima hupandwa wakati wa mvua. Na nikifaulu kwa bahati mbaya, basi cheti kifichwe, aje akichukue mjukuu wangu siku atakayostaafu.

Nisalimie mpishi wa bwalo, anayeniwekea mkate usio na ganda. Nisalimie mtunza maktaba, anayeniamsha kwa kukohoa. Mhadhiri mpe heshima zangu. Ngazi za ghorofa ya tatu sizisalimii, zinajua zilichonifanyia.

Ni mimi mwanafunzi wako, nikiwa bado nipo,

Kisukuku
Mkaguzi wa Shule Mstaafu

Tanbihi: Bahasha ilikuwa imeshafungwa simu ya Jumamosi ilipoita, nikaifungua tena. Nimemwambia mke wangu yote. Akacheka, kile kicheko chake cha mpaka akae chini kwanza. “Baba watoto, basalti! Mwanao aliniambia tangu wiki ya pili, mama, hayo ni mawe, yanajengea barabara. Nikamwambia nyamaza, mwache baba yako asome, sauti yake imerudi.” Akaendelea: “Fanya mtihani wako, na usifeli makusudi, nakujua. Halafu uje. Wote hapa nimeshawaonya: atakayenong’ona akafanye hivyo kwa jirani. Na mjukuu wako anauliza kama kweli babu amegeuka jiwe.”

Kwa hiyo, Mheshimiwa, muhula uishe tu, na ukiweza uishe mapema. Mabegi nilishayafunga tangu juzi, na hii si juzi ya mhadhiri. Ukweli ni kwamba nimemkumbuka mke wangu tangu siku niliyoshuka hapa.