Mgomo wa Wawekezaji Watatu wa Free Area

Jumapili, 10 Agosti 2025

Kanisani. Mchungaji akauliza nani ana ombi. Nikasimama. Nikasema tuiombee Benki Kuu, Kamati yake ikikutana Jumanne isishushe riba tena. Mama mmoja akakohoa. Nikaona hawajaelewa, nikaeleza kwa ufupi, kama dakika kumi hivi, kwamba Kamati ikishusha riba yake, Serikali nayo hutukopa kwa riba ndogo, na sisi tulioikopesha kwa hati zake za mwaka mmoja tunabaki kulamba vidole vikavu.

Kabla sijakaa, Oduor kasimama. Oduor ni jirani yangu, yule wa geti jeusi, na gari lake ni la mkopo. Yeye akaomba riba ishuke. Amina iliyopigwa hapo ilitikisa mabati! Kumbe kanisa zima lina mikopo. Mchungaji akaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Mwoga. Nimesikia baadaye naye ana mkopo, wa ploti.

Nyumbani. Wali na maharagwe ya jana. Niandike wazi, maana hakuna atakayesoma: asilimia zenyewe hazininyimi usingizi kama watu wanavyodhani. Mwaka jana hati hizi zilikuwa zinalipa karibu kumi na saba, na mtaani kwetu Free Area mimi ndiye niliyejua kwanza. Kila Alhamisi, siku ya mnada wa hati, watu kumi na mmoja walijaa sebuleni kwangu kungoja matokeo. Chai, mandazi, kelele. Waliniita Mwenyekiti wa klabu. Mke wangu Celestine alikuwa ameenda Kitengela kumsaidia binti yetu Natasha kulea mtoto. Miezi mitatu tu, alisema. Mtoto huyo sasa anavaa yunifomu na kubeba begi. Lakini Alhamisi nyumba ilikuwa na sauti, na mimi nilikuwa sawa.

Kisha riba ikaanza kushuka. Kila ilipopungua, mtu mmoja aliacha kuja. Leo iko chini ya kumi na wanachama wamebaki wawili: Mugure wa saluni, na Kipkemoi, mwalimu mstaafu mwenye ng'ombe zake Njoro. Ikishuka tena nitawapoteza hao pia. Hiyo ndiyo hofu yangu, na si jambo la kusimamia kanisani na kulisema.

Jumanne, 12 Agosti

Wameshusha! Robo ya asilimia. Oduor alipoingia kwake jioni alipiga honi mara tatu. Sina la kusema kuhusu Mungu leo.

Dakika chache baadaye huyohuyo Oduor akabisha hodi. Nilidhani amekuja kunicheka. La, anataka kuazima viti vyangu vya plastiki, kumi na viwili, ana wageni kidogo Alhamisi. Viti hivyo nilivinunua enzi za klabu, na kila kimoja nimekipaka jina langu mgongoni kwa rangi nyekundu, WAMALWA, kwa sababu nilikuwa mtunza stoo kiwandani miaka thelathini na ninajua binadamu. Nikampa. Nilimpa hata kwa furaha, nikavipangusa vumbi kimoja kimoja. Ni muda mrefu mtu hajabisha mlango huu akitaka kitu.

Akauliza kama niko sawa, mbona nimekonda. Nikamwambia ni mazoezi.

Nimepata wazo wakati nafunga geti. Kubwa! Wafanyakazi wakipunjwa hugoma. Walimu hugoma, madaktari hugoma. Nani aliwahi kuwaona wawekezaji wadogo wakigoma? Ndiyo maana tunachezewa. Nimeita kikao cha dharura kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao cha dharura. Maombi ya kufungua, mimi. Kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mimi. Udhuru wa wanachama tisa wasiohudhuria umepokelewa. Hawakuutuma, lakini kumbukumbu bila udhuru zinaonekana vibaya. Kipkemoi amechelewa, akatozwa faini ya shilingi hamsini. Akajitetea kwamba ng'ombe alikuwa anazaa. Nikamwambia katiba haina kifungu cha ng'ombe.

Nikafunua mpango. Mwekezaji mdogo kwa kawaida hataji bei, yaani riba anayoitaka, anapokea ile ya wastani inayotoka mnadani, kama mgeni anayekula alichopikiwa. Kutaja bei yako ni mpaka uwe na milioni mbili. Katika sisi watatu ni mimi tu, na ni kiinua mgongo changu chote, ambacho hati yake inaiva Jumatatu. Basi! Wao wawili wainyime Serikali kabisa, wasipeleke hata senti. Mimi nitataja kumi na tano. Serikali ikikosa pesa zao na kuona bei yangu, itajua kuna watu Free Area.

Mugure akauliza Serikali inatafuta ngapi kila wiki. Nikamwambia kama bilioni ishirini na nne. Akauliza sisi watatu tuna ngapi. Nikamwambia hilo si swali la mtu mwenye moyo wa mgomo. Kipkemoi naye, kwa sauti yake ile ya darasani, akauliza wakikataa bei yangu itakuwaje. Nikasema hawatakataa. Umoja ni nguvu. Wakaapa. Mugure aliapa huku anaangalia simu.

Baada ya kikao hawakukaa hata kidogo. Zamani watu walikuwa wanakaa mpaka chai inapoa, wanasema mambo ya watoto na bei ya mbolea. Nilikuwa nimepika chai ya birika zima. Nimeinywa mwenyewe, vikombe vinne.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi nimetuma ombi langu kwenye mtandao. Kumi na tano! Nikanunua mandazi ya watu watatu, nikaweka kitambaa cha meza cha Celestine, kile cha Krismasi. Wanachama waje saa kumi tusherehekee.

Saa kumi hakuna mtu. Nikajiambia ni matope, mvua ilinyesha mchana. Saa kumi na moja hakuna mtu. Matokeo yakatoka. Wastani uko chini ya kumi. Ombi langu limekataliwa. Hakuna barua, hakuna pole, neno moja tu kwenye skrini. Nimelitazama mpaka skrini ikazima.

Hapo ndipo nikasikia kicheko. Kicheko cha watu wengi, kutoka geti jeusi. Nikaenda kuazima ngazi. Sihitaji ngazi, lakini mtu haendi kwa jirani bila sababu.

Niandike nilichokiona. Klabu yangu! Wote, wameketi uani kwa Oduor kwenye viti vyangu, kila mgongo umeegemea jina langu. Mugure yupo. Kipkemoi yupo na kibuyu cha maziwa ya mursik katikati ya miguu. Nikauliza, kwa utulivu, walikuwa wapi saa kumi. Mugure hakuficha. Akasema, Baba Natasha, pole, lakini jana usiku nilituma application yangu kwa simu, nikachukua hiyo ya wastani, na imekubaliwa. Akasema hiyo pesa ni ya fees ya mtoto, na yeye hawezi kugoma na fees. Kipkemoi akaangalia sahani yake. Naye pia! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikauliza hiki ni kikao cha nini. Oduor akasema, boss, hakuna kikao, watu wanakula tu. Nikauliza ajenda. Hakuna ajenda. Nikauliza wanawekeza katika nini hapa. Hawawekezi. Wamekuwa wakikutana kila Alhamisi tangu Aprili, sebuleni kwa Oduor, na uani ni leo tu wametoka. Bila mwenyekiti, bila kumbukumbu, bila lengo lolote! Mugure akaniambia kwa upole kwamba walikuwa wanataka kuniita kila mara, ila waliogopa nitakuja na faini.

Kiti kimoja kilikuwa wazi. Oduor akasema hicho ni changu, wamekiweka makusudi, nikae. Akanitia mkononi sahani ya samaki na ugali, moto, na mtu akanisogezea sukuma wiki. Nilitaka kukaa. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyoitaka hiyo kumi na tano. Magoti yalishaanza kukunjika. Lakini mdomo wangu huu ukauliza kama akidi imetimia.

Kijana wa pembeni akacheka. Nikaweka sahani juu ya ukuta, nikachukua kile kiti, nikatoka nacho kichwani. Samaki alikuwa mkubwa. Mandazi ya watu watatu nimeyala usiku huu peke yangu, na yalikuwa yamekauka.

Jumatatu, 18 Agosti

Jana sikwenda kanisani. Nilijiambia nina homa. Sina.

Leo hati imeiva. Simu imelia asubuhi, nikairukia, ni ujumbe wa benki. Mpendwa mteja, pesa zako zimeingia. Mwezi huu ni wao tu walioniita mpendwa. Milioni mbili zimekaa kwenye akaunti, hazizai chochote, kama mimi. Ningepokea wastani kama Mugure, leo ningekuwa nimeshapata hati ya mwaka mwingine. Lakini hilo ni wazo la watu wasio na msimamo, na nimelifukuza.

Nilitaka kumwambia mtu kwamba imeiva. Nilitoka nje. Hapakuwa na mtu ila kuku wa Oduor.

Jioni Celestine akapiga. Akasema Baba Natasha, funga hiyo nyumba uje Kitengela, chumba kipo, na mtoto anauliza babu ni nani. Si anauliza babu yuko wapi. Anauliza ni nani. Nikamwambia siwezi, nina majukumu, mimi ni mwenyekiti. Akauliza mwenyekiti wa nini siku hizi. Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa, mpaka sufuria zake zilivyokuwa zinagongana. Nikakata.

Nimekaa sebuleni muda. Nyumba ni kubwa mno. Tuliijenga ya watu wengi.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya ajabu! Saa tisa mlango ukabishwa. Mugure. Amefunga saluni mapema. Amekuja na chapati ndani ya bakuli na kitambaa juu. Akasema hawakuniona kanisani Jumapili wakadhani ninaumwa, na Kipkemoi anapiga simu yangu sishiki. (Nilikuwa nimemzuia. Nimemfungulia.)

Akaketi. Nilimngoja aombe msamaha kuhusu mgomo, hakuomba. Nikangoja aulize riba, hakuuliza. Akaongea tu. Mwanawe amekuwa namba nne darasani. Mteja mmoja amekataa kulipa, ati nywele zilitoka fupi. Akaniuliza habari za Celestine, na nikajikuta ninamweleza jambo ambalo sijamweleza mtu, kwamba usiku naacha redio ikiongea jikoni ili nikiamka nisikie kuna mtu. Hakunicheka. Akasema hata yeye, tangu mumewe afariki, hufanya hivyohivyo. Chai ikapoa na hakuna aliyeinuka.

Niandike: tangu Celestine aondoke sijapata saa mbili kama hizi. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimesahau hata kuwa ni siku ya mnada.

Alipoinuka kwenda kwa Oduor akaniambia twende wote. Nikasema bado. Akasema basi si kitu, mzee, mimi nitakuwa napitia hapa kila Alhamisi kabla sijaenda kule. Nikamuuliza dhamana yake ni nini. Akauliza dhamana ya nini. Nikasema ya kuja. Akasema nitakuja tu.

Tu! Hapo ndipo akili yangu ikawaka. Nimeona kosa letu lote lilikuwa wapi. Hati ya mwaka mmoja ni fupi! Mwaka ukiisha, au riba ikishuka, mtu anachukua pesa zake na kwenda zake. Lakini Serikali ina bondi za miaka ishirini na mitano, kwa asilimia kumi na tatu, na riba ikishafungwa hapo, Kamati ikutane isikutane, haiguswi. Watu wakiweka kwa pamoja, kwa jina la klabu, hakuna wa kutoka mpaka iive. Kuponi, yaani malipo ya riba, kila miezi sita, kikao kila wiki. Nitakuwa na miaka tisini. Mugure atakuwa na sitini na nane. Miaka ishirini na mitano ya Alhamisi, yote imefungwa!

Nikamweleza papo hapo mlangoni. Akacheka. Kisha akaona sicheki, akaacha. Nikamwambia ahadi ya mdomo si dhamana, tuanze na sahihi yake leo. Akasema yeye alikuja kuniona tu, Baba Natasha, akachukua bakuli lake, akaniwekea chapati mezani na kwenda.

Nimempa nusu saa, kisha nimemtumia ujumbe na katiba mpya, kurasa sita. Nimemwambia ajaze jina na kiasi, na bila sahihi asije Alhamisi. Ameusoma. Hajajibu. Anatafakari kiasi, bila shaka. Atakuja. Nani anaweza kukataa asilimia kumi na tatu?