Nani Anaiba Joto la Pipa Langu?

Jumatatu, 7 Julai
Umeme umeisha tena! Nashuku hita ya bafuni. Mke wangu Lukresia anasema haigusi. Mbona basi anatoka kuoga ananawiri hivyo? Nimeizima, na mezani nimetangaza: kuanzia leo pipa jeusi juu ya paa, jua lituchemshie bure. Lukresia akauliza jua gani, Julai hii, mlima wenyewe hatujauona tangu juzi kwa mawingu. Nikamjibu jua lipo, limejificha tu. Akanikumbusha kwamba mama yake anashuka kutoka kijijini kwake Mkuu Alhamisi, na daktari kasema magoti yake yanataka maji ya moto. Nimeahidi mama mkwe ataoga kama yuko hotelini.

Jumanne, 8 Julai
Pipa limepanda! Godlove, fundi bomba, kalipaka rangi nyeusi na kuliunganisha na bafu. Jirani Jovin kasimama uani kwake, anatazama. Akauliza kwa upole kama usiku nitalifunika. Usiku? Kwa nini usiku? Mtu mwema haulizii pipa la mwenzake usiku. Mchana jua likachungulia, na jioni maji yakawa vuguvugu! Nimeoga nikiimba, kwa sauti, Jovin asikie.

Jumatano, 9 Julai
Barafu! Jana vuguvugu, leo barafu. Joto halina miguu. Kuna mtu kachota ya moto akarudishia ya baridi. Asubuhi nikakutana na Jovin getini, ananukia sabuni, uso unameta. Maji baridi hayametishi mtu namna ile. Nimelifunga pipa lote: mablanketi mawili, magunia ya kahawa, majani makavu ya migomba, juu yake turubai. Na taa kubwa paani, iwake mpaka kuche. Godlove akauliza jua litapitia wapi. Hivyo ndivyo wanavyoanza, kwa maswali. Nashuku kanunuliwa.

Alhamisi, 10 Julai
Jua la kupasua mawe! Lukresia kaniomba nilifunue pipa. Nikakataa. Mwizi anasubiri hilohilo. Mama mkwe kafika na mkungu wa ndizi na kibuyu cha mtindi. Shikamoo, marahaba, moja kwa moja bafuni. Ukelele! Katoka kajifunga khanga, meno yanagongana.

“Baba Gladness,” akaniambia, “haya maji umeyachota kwenye barafu ya Kibo?”

Sijajibu bado, akaingia Goodness, mke wa Jovin, na ndoo inayofuka mvuke. Eti kasikia ukelele. Mama mkwe kawabariki yeye na mumewe kwa Kichagga kirefu. Jina langu sikulisikia. Lakini najiuliza: maji ya moto yalikuwa tayari yakimsubiri nani?

Ijumaa, 11 Julai
Nimekwenda kwa Jovin kupeleleza, eti naazima spana. Kanionyesha kila kitu! Paneli zake za kuchemshia maji kwa jua ziko wazi juani. Tangi na mabomba tu ndivyo kavivika sponji. Pipa kama langu, akasema, mchana livue, usiku livishe. Mwizi anayekueleza kila kitu ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Sebuleni kwake nikamkuta mama mkwe, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, chai mkononi. Atalala hukohuko mpaka magoti yatulie. Mama mkwe wangu, kwa jirani! Nilitamani ardhi inimeze. Spana nikaisahau. Nyumbani Lukresia hanisemeshi, na umeme umeisha tena, hita ikiwa imezimwa! Lukresia akaitazama taa ya paani. Mimi nikautazama ukuta wa Jovin.

Jumapili, 13 Julai
Nimerudi kutoka kanisani alasiri, kikao cha wazee wa usharika kilikuwa kirefu. Nikafungua bomba bila matumaini. Moto! Wa kuunguza! Nimeoga hadi ngozi ikajikunja. Lukresia akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa: kumbe asubuhi, nilipotoka tu, yeye na Godlove walilivua pipa likabaki uchi, jua likalipiga kutwa. Maskini, anadhani ni jua. Ni taa! Mwizi kaiogopa taa, kakoma. Lakini mwizi aliyekoma hurudi na hasira. Nimepanda mwenyewe paani, nimerudisha mablanketi, magunia, majani na turubai, na juu ya vyote nimefunga godoro la wageni. Kwa sasa hakuna anayelilalia.