Sandwichi ya Mama Mkwe na Mila Niliyoitunga

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya ujinga hata chai sijanywa. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, kaamka na picha kwenye kundi la familia. Samaki mzima, limau juu, majani ya giligilani pembeni. Chini kaandika kwamba leo amempumzisha mke wake. Mashemeji wakammiminia mioyo. Mama mkwe akamwombea azidishiwe. Mimi hajawahi kuniombea nizidishiwe chochote.

Roho ikaniuma. Mkononi nilikuwa na sandwichi ya mkahawa wa mtaa wa pili, ile ya kuku wa kukaanga mwenye ganda linalolia ukiuma, na saladi inayochungulia pembeni. Mke wangu alikuwa zamu maabara, binti yetu bado amelala. Nikaitoa kwenye karatasi, nikaiweka kwenye sahani yetu ya maua, nikaipiga picha dirishani. Nikaandika: "Mkono wangu mwenyewe." Kwani iliyoibeba kutoka mkahawani ilikuwa miguu?

Mioyo ikanijia mingi kuliko ya samaki. Nilihesabu.

Jioni nikajua nilichokifanya. Mke wangu amechaguliwa kwenda kusomea mashine mpya za maabara, miezi mitatu, mji wa mbali. Ameisubiri nafasi hii tangu kabla hatujaoana. Kinachomzuia ni binti wa miaka sita na baba ambaye chai yenyewe huiunguza. Mama mkwe hawezi kuhamia kwetu, mzee wake haoni vizuri. Sasa mke wangu kaiona picha. Akaniuliza, taratibu, kama kweli naweza. Nikasema naweza. Akasema basi mama atakuja kesho atutazame. Mama akisema naweza, yeye anakwenda. Akisema siwezi, anamwachia mwenzake. Jibu linatakiwa kazini wiki hii.

Alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi. Aibu ilianza hapo, lakini ilikuwa bado ndogo, nikailalia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechelewa kumpokea mama mkwe. Mteja alitaka vigae vya choo vyenye rangi ya maziwa ila visiwe vyeupe. Nilipotoka dukani nimemkuta mama kasimama kituoni hapa mtaani na begi lake, hana hata jasho. Akasema hakuna neno, alikaa mahali akanywa chai.

Huyu mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi. Akikusalimia unajikuta unaonyesha kucha.

Baada ya salamu alisema hakuja kusumbua. Anataka tu ile sandwichi ya kwenye picha, kesho mchana, na asimame pembeni yangu jikoni ajifunze. Kwao hawajui kukaanga kuku namna ile.

Ulimi uliponza kichwa. Nikasikia mdomo wangu unaeleza kwamba kwetu kuna mila, mama mkwe haingii jikoni mkwewe akipika. Ni mwiko. Akauliza mila hiyo tumeirithi kwa nani. Nikasema kwa babu. Mke wangu akanigeukia. Babu yangu alimfahamu vizuri, na mzee yule hakujua jiko liko upande gani wa nyumba.

Mama mkwe akasema hajawahi kuisikia, lakini mila ya mtu ni heshima yake. Ataweka kiti nje ya mlango wa jikoni, ageuze mgongo.

Dukani nimeomba siku za ruhusa. Nimemwambia bosi mama mkwe mgonjwa. Mwanamke mzima kama nguzo.

Jumanne, 11 Machi

Mpango ulikuwa mzuri. Mwenye mkahawa alete sandwichi kwenye dirisha la jikoni. Mimi ndani nifanye sauti ya mapishi, kwa kuwa mama anasikia ila haoni. Basi nikachemsha mafuta, nikawa natupia maganda ya mkate yaliyolowa na vipande vya kitunguu. Yakalia kweli kweli. Nikagonga kijiko kwenye sufuria. Nikaimba kidogo.

Mafuta yakaruka yakaning'ata mkono. Nikatupa kitambaa, kikaangukia motoni. Kikawaka. Nikakimwagia maji, na maji yakaingia kwenye mafuta, na pale jikoni kukatoka kishindo ambacho hata mwenye mkahawa dirishani alikisikia akainama. Mama mkwe akauliza, mgongo umegeuka vilevile, kama kila kitu ni salama. Nikamwambia hiyo ndiyo hatua ya mwisho.

Akala yote. Akafuta mdomo. Akasema mafuta yamelia vizuri, ila kuku hakunukia. Nikasema nilifungua dirisha. Akachomoa kile kijiti cha kushikizia mkate, chenye kikofia cha karatasi ya kijani, akakiangalia. Akakisifu. Nikasema navichonga mwenyewe.

Kwa nini nilisema hivyo? Hakuniuliza!

Nimelala na mkono kwenye beseni la maji. Mke wangu kanipaka dawa, ananiita shujaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kaomba mapumziko marefu ya mchana ili naye aje kuona. Mkahawa umefungwa, friji lao limekufa. Nimekwenda hadi mlangoni nikautikisa, kama mlevi.

Nikanunua vidari viwili vya kuku, vinene, vinapendeza. Binti na bibi yake watapata kuku, mimi na mke wangu tutakula mayai, tuseme tumeanza safari ya kupunguza unene. Nikapaka unga, nikapaka yai, nikabandika chenga za mkate. Moto mkali, ili nimalize kabla hajafika mtu. Ganda likawa jekundu mara moja, kisha kahawia, nikalitoa kabla halijawa jeusi. Sikukata kutazama ndani. Nimeuza vigae miaka mingi, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza nyuma ya ukuta kuna nini.

Mezani ganda lililia kama la mkahawa. Mke wangu akacheka kwa furaha. Mama mkwe alikuwa amefika katikati ya sandwichi yake aliposita. Akaitazama. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amemkodolea macho akisubiri neno. Akatafuna, akameza. Halafu akanyoosha mkono, akachukua sahani ya mtoto kabla mtoto hajaanza, akasema hii ataila chumbani baadaye, mtoto apewe mayai.

Mapishi yangu kayawekea akiba! Mwanyumba na samaki wake, nani aliwahi kumwekea akiba?

Mke wangu akamuuliza mama anaonaje. Mama akaifunga sandwichi ya mtoto kwenye leso yake. Kisha akasema: "Anaweza. Nenda kasome."

Mke wangu kalia pale pale mezani. Jibu kalipeleka kazini saa ile ile. Nami nimekula mayai yangu kichwa juu.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe anaumwa. Tumbo tangu alfajiri, hana nguvu ya kushika kikombe. Mke wangu kamwuliza amekula nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Mama akasema ni vidonge vyake vya presha, alivimeza bila kula, umri huu tumbo halina adabu. Mke wangu akasema basi hatakwenda tena, atapiga simu kazini. Mama akamkataza kwa sauti ya bweni. Mke wangu akaenda kazini macho mekundu.

Tulipobaki wawili akaniita. Akafungua leso iliyokuwa chini ya mto. Sandwichi ya binti yangu, haijaguswa, imekatwa katikati. Ndani kuku mbichi. Rangi ya ufizi.

Nilitazama miguu yangu, nikaona nimevaa ndara za mke wangu.

Hakufoka. Heri angefoka. Alisema amelea wasichana bweni zima miaka yote ile, hakuna uongo wa tumbo, wa kichwa wala wa jikoni ambao hajausikia. Siku niliyochelewa kumpokea alinywa chai kwenye mkahawa wa mtaa wa pili, na kila meza ilikuwa na glasi imejaa vijiti vya vikofia vya kijani. Kwa hiyo alijua tangu Jumanne. Lakini alitaka kuona kama nitajaribu mwenyewe, na jana nilipojaribu alishameza nusu ndipo akaona. Mwanawe alikuwa anamtazama. Akameza na iliyobaki mdomoni.

Nikaanza kumshukuru kwa kunisitiri. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Usijidanganye, baba. Sikukusitiri wewe. Nimemsitiri mwanangu."

Nikaenda jikoni nikakaa chini, nyuma ya mlango. Nimelia kama mtoto aliyelowesha kitanda. Ile sandwichi ilikuwa ya binti yangu. Kila nikifunga macho naiona sahani yake, na mkono wa bibi yake ukiivuta. Nimeona haya hata kumtazama mtoto aliporudi kutoka shule.

Ijumaa, 14 Machi

Mama leo anaweza kuketi. Kaingia jikoni anajishikilia ukuta, na kikombe chake cha maji ya chumvi na sukari. Nikamvutia kiti. Akasema ile mila yetu imekufa leo, na babu atasamehe.

Akanisimamia kama msichana wa kidato cha kwanza. Kidari nikikate bapa, mara mbili. Nikifunike na karatasi, nikigonge kwa kitako cha chupa mpaka kiwe na unene mmoja kote. Chumvi, kitunguu saumu, limau. Unga, yai, chenga za mkate, kisha nikiache kwanza, ganda lishike. Nikasema kama vigae, gundi ikauke ndipo ukanyage. Akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana nililosema tangu afike.

Moto wa wastani. Geuza mara moja. Kata utazame, kila siku, hata ukiwa na haraka. Akamwita binti yangu, akamwonyesha kuku mweupe, akamweleza kwamba akiona wekundu asile, bibi yake alikula ndiyo maana ameumwa. Mtoto akanigeukia. Nikawa nafuta meza.

Kuku wa kwanza nilimfunika na sufuria asipoe. Mvuke ukamlowesha, ganda likalegea kama soksi. Wa pili nikamwacha wazi kwenye waya. Nikakausha majani ya saladi kwa kitambaa, nikachoma mkate kidogo, mayonezi nyembamba, tango, basi. Haikuwa nzuri ya kupiga picha. Binti akauma, ganda likalia, akala mpaka chenga za kwenye sahani. Mama mkwe naye akaomba kipande kidogo, kwa tumbo lile lile nililoliharibu.

Niliwaambia ni kitunguu kinanitoa machozi. Kitunguu saumu hakitoi machozi.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu ameondoka. Kabla ya kupanda gari alinishika mikono yote miwili, akasema wanawake wenzake kazini hawaamini kwamba kuna mume wa namna hii. Nilifungua mdomo nimwambie kila kitu. Wallahi nilifungua. Nikaona furaha yake, nikaufunga.

Mama mkwe naye anarudi kwa mzee wake. Akaniita pembeni, akasema mimi sina ruhusa ya kumharibia mwanawe masomo kwa kutubu sasa ili nilale vizuri. Nikae na aibu yangu miezi mitatu, nipike, na akirudi nimwambie mwenyewe. Na uongo uishie hapa. Nikaapa. Akaniombea nizidishiwe akili.

Niliingia ndani nikaosha vyombo vyote, hata visafi. Nimetahayari mpaka mifupa, lakini nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki imekwenda vizuri, lazima niseme. Sandwichi mara tatu, zote nimekata nikatazama. Ganda linalia. Dukani nimempelekea bosi moja, kauliza hali ya mama mkwe, nikasema kapona.

Jioni mke wangu kapiga simu ya picha. Kafaulu jaribio la kwanza. Sauti yake nyepesi, kama ya msichana. Akamwona binti yetu kasukwa mistari minyoofu kabisa, akashangaa, akauliza nani kamsuka.

Kamsuka msusi wa karibu na duka la vigae, mchana, nimemsubiri nje nikila karanga. Jibu lilikuwa fupi. Nilikuwa nalo mdomoni.

Nikasema, "Mimi."

Halafu nikamsikia anavuta kamasi. Akawaita wenzake wote waje wamwone mume wake. Nikawapungia mkono ule wenye kovu la mafuta. Wakapiga makofi. Akasema akirudi nitamsuka na yeye, sebuleni, mama akiwepo, na atawaita dada yake na mumewe waje watazame. Nikasema hakuna shida.

Simu ilipokatika, binti yangu alikuwa bado ameketi pembeni, anajishika kichwa kwa sababu nywele zinamvuta. Akanitazama muda mrefu. Akauliza safari hii nani ataumwa tumbo.

Nikamwambia kusuka hakumdhuru mtu tumbo. Nadhani ni jibu zuri. Kesho nikamwulize msusi kama anafundisha watu wazima, na kama saluni yake ina dirisha la nyuma.