Chonge la Kulia, Chonge la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha! Daktari wa meno amenichungulia kinywa na kusema kuna jino la kung'oa Ijumaa. Moja tu, akasema. Tu! Ni chonge. Juu upande wa kulia ninayo mawili: dogo la utotoni lililogoma kuhama, na la ukubwani lililochoka kungoja likachomoza juu kwenye ufizi, kama jirani anayechungulia ukutani. Ndiyo maana huu mwaka wa pili nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Kaka yangu tunamwita Profesa, maana anajua kila kitu isipokuwa kufua soksi zake. Ameniuliza kama najua mzizi wa chonge unaishia wapi. Sijui. Akagusa chini ya jicho. Pole, mdogo wangu, akasema, wakivuta vibaya na jicho linafuata.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kitabu cha baiolojia. Chonge lina ncha moja na mzizi mmoja, na mzizi huo ni mrefu kuliko wa jino lingine lolote. Kitabu kinayasema hayo kwa lugha ya shule, kwa utulivu kabisa. Mimi naogopa kwa lugha ya nyumbani. Nimepapasa ufizi wa kushoto, kwenye chonge lililokaa sawa, nione mzizi unafika wapi: kuna kituta kigumu kinapanda kuelekea puani. Ndio wenyewe! Jicho limeanza kucheza.

Kuna baya zaidi. Daktari alinipa fomu ya kurudi nayo. Ina mchoro wa meno yote, na duara la penseli kwenye jino la juu, la tatu kutoka katikati. Upande wa kushoto wa karatasi. Kushoto! Huko nina chonge moja, zima, limenyooka, jino pekee ninalojivunia. Mtu huyu atang'oa lisilo na kosa!

Mama anasema nikiwa na swali nimuulize daktari. Mimi? Mimi ninayenunua mkate kwa kuunyooshea kidole ili nisiseme?

Jumatano, 6 Machi

Suluhisho: kifutio. Nimefuta duara, nikachora jingine upande wa pili. La kwangu ni zuri kuliko lake. Nimemwambia Profesa kwamba wengine tunamaliza mambo yetu kimya kimya. Akasema ukimya wangu ndio unaomtia wasiwasi. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi

Mungu wangu. Mwalimu wa baiolojia amechora kinywa ubaoni. Akaeleza kwamba mchoro wa meno husomwa kana kwamba mgonjwa amekaa mbele yako, mnatazamana. Kulia kwake kunakuwa kushoto kwa karatasi. Wenzangu wakaandika. Mimi nikaloa jasho.

Kumbe daktari alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelihukumu chonge langu zima!

Nimekimbia nyumbani. Fomu imo ndani ya mkoba wa Mama, na mkoba uko naye kazini. Aliporudi aliukumbatia mpaka wakati wa kula. Nikajikaza. Nikasema, Mama. Akasema, ee? Nikasema chumvi imekolea vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika huku udenda unanitoka.

Muuguzi amesoma fomu kwa sauti: chonge, juu, kushoto. Nilitaka kusema. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Lakini kinywa kilikuwa wazi, na ndani mna kioo, pamba na vidole viwili vya daktari. Sindano ya ganzi ikaingia kushoto. Mdomo ukafa. Nikaona koleo linakuja. Nikamwona Mama anasoma bango la mswaki ukutani kana kwamba hakuna mtu anayeuawa.

Nikamng'ata daktari.

Kwa chonge lenyewe! Aliruka, akatazama kidole, akatazama jino lililomng'ata. Akasema hili jino lina afya kuliko mimi. Kisha akachungulia upande wa kulia, akaishika fomu mbele ya taa. Alama ya kifutio ilionekana waziwazi. Akauliza nani amechezea karatasi yake. Namshukuru Mungu kwa ganzi: sikuweza kujibu. Mama aliweza. Aliyoyasema sitayaandika hapa.

Sindano ya pili, kulia. Koleo likagusa, kitu kikadondoka kwenye kisahani. Punje ya muhindi! Mzizi hakuna, umeliwa na mwenzake wa juu. Siku tano za kufa kwa ajili ya punje ya muhindi! Macho yote mawili yapo. Nimeyahesabu.

Jumapili, 10 Machi

Nimeapa mbele ya Mama kwamba sitagusa tena karatasi ya daktari. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Profesa anaumwa sikio tangu jana. Amechunguzwa, kesho anarudi kusafishwa. Analia kama mbuzi na kushika sikio la kulia. Mama amenipa fomu yake niitunze, eti sasa nimepata akili. Kuna mchoro wa kichwa na alama ya penseli kwenye sikio lililo kushoto kwa karatasi.

Kushoto! Maskini kaka yangu, watamsafisha lisiloumwa, na yeye mwenyewe hana habari.

Najua, najua. Meno husomwa kwa kutazamana. Lakini sikio si jino.

Kifutio nilikiweka wapi?