Halwa ya Karani wa Kompyuta

Jumatatu, 3 Mei 1999
Mbwana, mwana wa rafiki yangu Bofu, amepiga simu kutoka Dubai, anakouza magari. Anatafuta wakala wa kumtolea magari bandarini. Arobaini kila mwezi! Nami tangu Februari sijatoa hata baiskeli. Nikamwambia mimi hapa. Akasema siku hizi huchagua kwa intaneti: Ijumaa atatafuta, atakayetokea ukurasa wa kwanza ndiye. Wa pili haufungui kamwe. Sawa tu. Tovuti ninayo! Ina picha yangu nimevaa tai, na neno KARIBU.

Jumanne, 4 Mei
Nimekwenda kwa Philister, anayekodisha kompyuta hapa Changamwe. Tumetafuta mawakala wa Mombasa. Wa kwanza: Charo! Charo wa mlango wa pili, niliyemfundisha kazi mimi! Mimi niko ukurasa wa kumi na nne, chini ya wafuga njiwa. Philister akasema mashine ya kutafutia husoma maneno, picha haisomi. Charo ameeleza mizigo, siku na bei, na wengine wamemtaja kwenye kurasa zao. Porojo. Miaka ishirini bandarini, najua faili hupandaje juu ya rundo. Kuna karani, naye husalimiwa.

Jumatano, 5 Mei
Nimepata anwani ya karani, chini kabisa ya ukurasa wa kutafutia! Nimemwandikia kwa adabu, nikamuuliza hali ya watoto, nikamwahidi kilo ya halwa ya lozi. Jibu limekuja papo hapo: asante, ujumbe umepokelewa, utashughulikiwa. Hata hakutaka tupatane bei! Philister akasema jibu hilo mashine yenyewe humpa kila mtu. Wivu huo. Nimenunua halwa.

Alhamisi, 6 Mei
Bado kumi na nne! Nimemwandikia tena. Jibu lile lile, neno kwa neno. Mtu wa msimamo. Mke wangu Mwanatatu akauliza halwa italiwa lini. Nimemkataza kuigusa, ni ya ofisi.

Ijumaa, 7 Mei
Mbwana amemchukua Charo. Nikamsihi afungue ukurasa wa kumi na nne. Akacheka, akadhani namtania. Magari arobaini! Nimelia, wallahi. Charo akaja, akanipa shikamoo, akaniomba nimsaidie kutoa magari kumi, akashauri Philister aniandikie tovuti upya. Alikuwa akisema huku anakula halwa. Kaimaliza.

Jumamosi, 8 Mei
Nimegundua kosa. Kilo moja! Charo lazima alitoa mbili. Yale magari kumi nimemkatalia, sina nafasi. Nimemwandikia karani kwamba sasa ni kilo tatu. Amejibu papo hapo. Tumeelewana.