Kidole Gumba na Sanduku la Mkwe Mwenzangu

Jumatano, 6 Agosti

Kesho tunaondoka! Nimeshaoga, nimeshafunga mizigo, nimeshagombana na watu wawili. Niko tayari.

Mjukuu wangu amejifungua. Mtoto wa kike! Kitukuu wangu wa kwanza! Niliposikia nilipiga kigelegele mpaka jirani akatoka na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua.

Sasa, kwetu sisi mtoto akitoka hospitali, mzee anayemwogesha mara ya kwanza nyumbani ndiye anayempa jina la kudekezwa nalo. Na jina hilo halibanduki. Mwanangu wa kiume ana kitambi, ana upara, ana watu kumi na wawili chini yake kazini, na bado ukoo mzima unamwita Kipepeo. Nilimpa mimi.

Jina la kitukuu ninalo tayari. Jemadari. Mkwe wangu, mke wa Kipepeo, akasema Mama, lakini huyo ni wa kike. Nikamwuliza kwani wa kike hawaamrishi? Nitazame mimi.

Tatizo ni moja, na limefika leo mchana na mizigo yake. Mama mzazi wa mkwe wangu. Mtoto ni kitukuu wake vilevile, kwa bahati mbaya. Namwita Marashi, kwa sababu akifika getini, sisi jikoni tunapiga chafya. Naye ana jina lake. Eti Pipi. Pipi! Mtoto ni kitu cha kulambwa?

Mjukuu kasema kwenye simu atatusubiri mpaka Ijumaa jioni. Ikipita hapo, mtoto ataogeshwa na yeyote mwenye mikono. Safari ni siku mbili, Ijumaa saa kumi tutakuwa mlangoni. Hapo itabaki kati yangu na Marashi.

Basi nimepanga. Marashi ana sanduku moja kubwa la kahawia, limefungwa kamba. Bila shaka humo ndimo zilimo sabuni zake, mafuta yake, mataulo yake. Bila sanduku atamwogesha mtoto kwa nini? Kwa mate? Mimi nina beseni langu la bluu lililoogesha ukoo mzima. Kesho, wenzangu wakinywa chai, sanduku litaenda kupumzika nyuma ya tangi la maji. Litasahaulika. Masikini sanduku.

Nimecheka peke yangu hadi mkwe akaja kuuliza kama tumbo linaniuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Yule mwanamke amepakia mawe!

Nilingoja waingie chai. Nikalishika sanduku. Halikusogea. Nikalivuta kwa mikono yote miwili, nikapiga bismillah, nikalinyanyua. Hatua tatu tu. Kamba ikakatika, sanduku lote likashukia kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nami nimevaa ndala!

Sauti niliyotoa sitaiandika.

Kipepeo akaja mbio na kikombe mkononi. Akaniona nimekumbatia sanduku. Nikadhani yamekwisha. Kumbe akasema Mama, umri huu bado unabebea watu mizigo? Mkwe akasema huo ndio utu. Marashi akanishika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema asante sana dada. Nikasema si kitu, mgeni habebi. Sifa zimekuja zenyewe, nizifukuze?

Sanduku likapakiwa kwenye buti. Juu ya beseni langu!

Kidole kinawaka moto. Kimya lakini. Kipepeo akisikia mtu kakohoa anatafuta zahanati. Akijua nimeumia tutasimama nusu siku, na atauliza sanduku lilikuwa linaelekea wapi.

Tukakaa nyuma, mimi na Marashi. Mbele mtu na mkewe. Barabara nzuri, upepo mzuri, moyo unanidunda kama bibi harusi! Kidole nacho kinadunda.

Tuliposimama kutia mafuta nilikuwa nimebanwa. Mguu hautaki kukanyaga. Nikaenda chooni kwa kurukaruka na mguu mmoja. Marashi akauliza dada, vipi tena? Nikamwambia haya ni mazoezi ya mzunguko wa damu, wazee wote wa siku hizi wanafanya wakiwa safarini. Nikadhani nimemnyamazisha. Kugeuka nyuma, naye anaruka! Mkoba kwapani, anaruka! Akauliza, mguu wa kulia au wa kushoto? Nikasema wowote. Vijana wa pampu wakaacha kazi. Mmoja akapiga makofi ya kuhesabia.

Marashi anasema damu yake imezunguka kabisa. Mazoezi haya atayafanya kila siku.

Tumelala nyumba ya wageni. Ndala haivuki kidole tena. Nimewaambia napenda kutembea peku, naipa miguu hewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kidole kimekuwa bilinganya. Rangi ileile, ukubwa uleule.

Nimegunduliwa. Aliyenigundua ni Kipepeo, kwa kunikanyaga. Nilipiga ukelele mhudumu akaangusha sinia la chai. Nikasema nimeshtuka tu. Wakanikalisha wanne pamoja na mhudumu, wakaufunua mguu. Kipepeo akaishiwa nguvu kwanza yeye, tukampepea. Halafu akasema zahanati, sasa hivi. Nikasema kwanza tufike. Akasema zahanati. Nilimzaa mwenyewe, na leo ananipandishia sauti.

Foleni mpaka nje. Tabibu ni binti mdogo, mpole, mikono ya baridi. Akauliza kimefanyaje. Nikasema kimejikwaa. Akasema bibi, kidole kikijikwaa kinaumia kwa mbele, hiki kimepigwa kwa juu. Kwani yeye alikuwepo? Marashi, aliyeng'ang'ania kuingia na mimi, akasema hapana tabibu, huyu dada aliumia akinibebea sanduku langu. Ana moyo huyu! Alikuwa akilia. Nikatazama ukutani.

Hakuna mfupa uliovunjika. Kimefungwa bendeji kubwa kama kilemba. Amri za tabibu: mguu uinuliwe juu, tusiende kwa kasi ya kurusharusha, na bendeji isiguswe na maji siku tano.

Siku tano! Na mtoto anaogeshwa kwa maji!

Nikauliza, kama mtu ana shughuli ya maji kidogo tu? Akasema hata tone. Nikauliza, na mfuko wa nailoni je? Akaniita bibi kwa sauti ile ya kumwitia mtoto.

Lakini sikilizeni ushindi! Mguu uinuliwe, basi lazima nikae mbele! Mkwe karudi nyuma kwa mama yake, mimi niko mbele kama waziri, mguu juu ya dashibodi! Naona barabara yote! Nimemwelekeza Kipepeo kila kona. Hakunishukuru hata mara moja.

Ila mguu unamziba asione kioo cha upande wangu, kwa hiyo anaendesha kama anayebeba mayai. Kila shimo napiga kelele, kila kelele anasimama. Baiskeli imetupita. Ya pili imetupita, ina mzigo wa kuni. Halafu askari wa barabarani akatusimamisha, akainama dirishani, akautazama mguu wangu muda mrefu. Akauliza huu nao una leseni? Nikamwambia mwanangu, mguu huu umetembea kabla hujazaliwa. Akatupisha. Akacheka tulipoondoka, nilimwona.

Saa kumi na moja tulikuwa bado nusu ya njia. Nikampigia mjukuu. Nikamwambia mtoto asiguswe na mtu, nakuja! Akasema Bibi, ameshaanza kunuka maziwa mpaka kisogoni. Nikasema harufu ya maziwa haijaua mtu. Akasema atamwuliza mumewe. Amwulize mumewe nini? Mwanamume anajua nini habari ya kuogesha mtoto?

Marashi akaiomba simu. Nikaikata. Chaji ilikuwa inaisha, nilimwambia. Haikuwa inaisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Tulilala tena njiani, tumefika leo saa tano asubuhi! Hata gari halijasimama vizuri nilishafungua mlango. Mfuko wa nailoni wa mkate nimeuvisha mguuni, nimeufunga na mpira wa nywele wa mkwe. Beseni kichwani. Nikaruka mguu mmoja kutoka gari mpaka sebuleni. Marashi nyuma yangu, naye anaruka. Eti ndio wakati wake wa mazoezi! Nikampiga kikumbo kidogo mlangoni. Kidogo tu.

Ndani, harufu ya sabuni.

Mume wa mjukuu wangu kasimama katikati ya nyumba, mikono ya shati kaikunja, begani taulo, kifuani mtoto. Mtoto anang'aa! Nywele zimelazwa upande mmoja kama karani wa benki. Akasema karibuni bibi zangu, ndiyo kwanza nimemaliza. Na jana jioni pia nilimwogesha, tuliwangoja mpaka giza.

Kwa beseni gani? La kufulia!

Nikakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Marashi akakaa kando yangu. Mara ya kwanza tangu watoto wetu waoane, tulitazama upande mmoja.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama amempa mtoto jina la kumdekeza. Akacheka. Akasema ni utani tu, lakini kwa jinsi anavyotupelekesha humu ndani, tunamwita Bosi.

Bosi.

Mtoto akafumbua jicho moja. Anaitika!

Mkwe akasema tungefika jana kama si kidole. Kipepeo akasema ndiyo, kidole. Wote wakakitazama. Nikawaambia wasikionee kidole. Kosa ni la sanduku. Mtu mwenye akili hapakii mawe kwenda kuona mtoto.

Marashi akasema, mawe gani, dada?

Jumapili, 10 Agosti

Marashi alilifungua sanduku mbele ya watu wote. Sabuni hakuna. Mafuta hakuna. Kaleta nguo zake mbili, na kigoda.

Kigoda cha mti mgumu, kipana, kifupi, kimesuguliwa hadi unajiona uso. Akasema alikichongesha kwa fundi wake kwa ajili yangu. Aliniona kwenye harusi ya mjukuu nikishindwa kuinuka mkekani, akajua siku ya kuogesha mtoto nitapata tabu ya magoti. Alitaka mimi nikae, nimwogeshe, yeye anipokeze maji tu. Jina la Pipi alikuwa anatania, kasema. Lako la Jemadari ndilo jina.

Watu wakaguna kwa upole. Kipepeo akapangusa macho. Mimi nikasema asante.

Lakini moyoni nimeelewa vizuri sana. Kumbe safari nzima alikuwa akienda kutangaza kwa ndugu kwamba nina magoti mabovu! Na kisa kile cha mkekani ni cha miaka miwili iliyopita! Mtu gani anaweka kitu moyoni miaka miwili?

Jioni wakaniacha nimwogeshe. Mara ya tatu, haihesabiki, ila nilikaa kwenye kigoda, na siwezi kusema uongo, kigoda kimetulia. Miguu nimenyoosha, mtoto juu ya miguu, Marashi anamimina maji taratibu, hata tone halikugusa bendeji. Nikamwinamia sikioni, nikamwambia Jemadari, Jemadari, ni mimi. Akanitazama! Akanikojolea bendeji yote.

Nimeiacha hivyohivyo. Tabibu alikataza maji. Mkojo hakuutaja.

Jumanne, 12 Agosti

Kesho tunarudi! Kidole kimenywea, lakini leo nimechechemea zaidi kidogo, ili watu wasisahau nani anakaa mbele.

Leo alikuja mpiga picha. Picha moja tu kubwa, ya fremu, wazee na kitukuu. Imeletwa jioni. Marashi yuko katikati, kampakata mtoto, anatabasamu kama yeye ndiye aliyejifungua. Mimi nilikuwa nimeinama kumpangusa mtoto mdomo, kwa hiyo nimetoka mgongo. Mgongo na bendeji! Marashi anasema imependeza sana, ataitundika sebuleni kwa Kipepeo, kila mgeni aione.

Ataitundika akiwa nayo.

Ameifunga kwenye khanga, ameilaza ndani ya sanduku. Kigoda kinabaki hapa kwa mjukuu. Jioni, wenzangu walipokuwa wakimuaga Bosi kwa mabusu, nilipita pale nikalishika sanduku, nikalinyanyua kidogo tu.

Jepesi! Jepesi kama mkate! Na nyuma ya nyumba hii kuna tangi la maji vilevile.

Ndala nimeziweka kando. Nimemwomba mume wa mjukuu aniazime viatu vyake vya mvua.