Malalamiko Juu ya Barua za Nukta za Bi Zamda

Puge, Nzega
12 Juni 1974

Ndugu Afisa Elimu ya Watu Wazima, Tabora,

Kwa taadhima, na baada ya kukuombea afya, nakuarifu kuwa hapa kijijini hakukaliki. Mimi ni Twalibu Kashindye, msomaji wa barua za watu kwa miaka kumi na mmoja. Jirani yangu Bi Zamda, kipofu, mmemfundisha nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Sasa binti yake Tatu, aliye Kitete huko Tabora, naye kajifunza, humwandikia kwa nukta tupu, nami siitwi tena. Nalalamika:

1. Tunalima pamoja, tunavuna pamoja, barua anasoma peke yake. Huo ni ujamaa gani?

2. Mkutanoni huficha karatasi ndani ya khanga, uso kamwelekezea mwenyekiti, adabu tele. Juzi mwenyekiti yuko katikati ya habari za samadi, Bi Zamda akaangua kicheko. Samadi haijatajwa tena.

3. Hahitaji taa wala miwani. Wenzake wa kisomo wameanza kuuliza kwa nini wao wanasumbuliwa kutumia macho.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilipomsomea mimi, kila barua ya Tatu iliishia na ombi kwamba msomaji apewe kuku. Kwenye nukta, kuku hatajwi kamwe. Ni dhahiri nukta zinaruka maneno. Bi Zamda akaniambia kisimani, mbele za watu, "Twalibu, mwanangu hajui hata kama unakula kuku." Aibu niliyoipata, acha tu.

Basi naomba kila barua ya nukta ipigwe pasi huko huko Tabora, ilainike kama barua za wengine. Kwa kazi hii ya kusoma barua watu huniamkia shikamoo. Ikiisha, nitabaki mzee wa kuota jua.

Nisalimie wote ofisini na nyumbani kwako. Sisi wazima, ila mwenyekiti ana kinyongo.

Wako katika kujenga taifa,
Twalibu Kashindye

Tanbihi: Barua hii kaiandika mwalimu wa kisomo kwa maneno yangu. Macho yangu yana ukungu tangu masika ya mwaka juzi, na barua za watu nimekuwa nikizikisia. Bi Zamda alijua siku nyingi, akanisitiri. Jana alinishika kidole akakipitisha juu ya nukta, nikaona haya, tena nikafurahi. Naomba kitabu cha kwanza cha nukta, cha wanaoanza. Wiki iliyopita nilimsomea Lugembe, kijana wa hapa kijijini, barua ya kwao kwamba dada yake anaolewa. Leo mwalimu kaisoma upya: dada ni mgonjwa sana, anamwita. Lugembe yuko kwa fundi, anapimwa kanzu ya harusi. Naenda kumwambia sasa hivi, apate kuliwahi basi la Nzega kabla halijaondoka.